Kurekodi sauti na kuigeuza maandishi: tupeane uzoefu

KatibuNgamiani: Wanajamvi, salaam. Nimetoka kikao cha kikoba sasa hivi, moyo haujatulia. Mwaka wa pili huu naweka simu katikati ya mkeka, narekodi, nikifika nyumbani programu inageuza sauti kuwa maandishi, nasahihisha, nachapa. Muhtasari uliokuwa ukinikalisha hadi usiku wa manane unaisha kabla ya isha. Mwezi uliopita mweka hazina alitaja deni la mama mmoja, "elfu ishirini na tano". Simu ikaandika 20,005. Sikuona, tukasaini. Leo mama kaja na 20,000 na karatasi mkononi, anasema shilingi tano tumsamehe. Hiyo 5,000 nimeitoa mimi. Si hela iliyoniuma, ni wenzangu walivyonyamaza wakinitazama. Nani yamemkuta?

FundiChuda: Mwambie mweka hazina atamke "ishirini na tano elfu". Basi.

UmmuSalma: Yangu ni saa. Niliiambia simu inikumbushe kliniki ya mtoto saa tatu asubuhi. Ikalia saa tisa usiku, nyumba nzima macho! Kwa simu, tatu ya asubuhi ni 3:00. Siku hizi nikitaka saa tatu naiambia "saa tisa asubuhi", inanielewa.

KatibuNgamiani: Dada, hata mimi hiyo ya saa imenipata.

BintiRaskazone: Naomba niseme langu, nimelibeba miezi saba. Kamati ya harusi ya mdogo wetu, kikao kwa shangazi, katibu mimi. Watu wakaondoka, nikabaki na dada yangu mkubwa tunaosha vikombe, simu iko dirishani bado inarekodi. Dada akafunguka. Kwamba upande wa bwana harusi wameahidi laki tano na hawajaleta hata mia, kwamba mzee wao anayeshika michango ana madeni, hela atakuwa ameshaila. Nami nikaitikia, nikaongeza na yangu. Usiku programu ikanipa kurasa kumi na nne. Nilisoma mbili za mwanzo, nikaona safi, kila mchango na jina lake. Nikafowadi kwenye kundi la harusi, watu sitini na kitu, pande zote mbili. Saa nne usiku akapiga bwana harusi mwenyewe. Hakugomba. Aliuliza tu, "Shemeji, ukurasa wa kumi na tatu umeusoma?" Ndoa ilifungwa, alhamdulillah. Yule mzee hakuhudhuria. Na dada yangu, aliyenilea tangu mama atutoke, mpaka leo hapokei simu yangu.

DeepSea: Pole sana dada. Nimesoma nikaweka simu chini kwanza.

MkulimaMuheza: Pole, ila turekebishane. Sheria yetu Tanzania ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa 2022, ikaanza kutumika 2023. Sauti ya mtu ni yake, huirekodi bila kumuomba.

BintiRaskazone: Kikao chote walijua narekodi. Wasiojua ni sisi wawili wa vikombe.

FundiChuda: Muheza, mtu ana msiba wewe unamletea sheria?

MkulimaMuheza: Naileta ili mwingine yasimkute. Mimi kijana wangu wa shamba nilimrekodi akihesabu machungwa, akaniuliza, "Bosi, huniamini?" Aliacha kazi. Usinifundishe uchungu.

UmmuSalma: Dada, acha kupiga simu. Nenda mwenyewe na chakula ulichopika kwa mkono wako, ukae mlangoni hata kama hafungui.

DeepSea: Asiende! Atangulize mtu mzima, shangazi yule yule wa kikao.

MtotoWaChumbageni: Turudi kwenye simu. Kama mna kompyuta, kuna Whisper ya OpenAI, programu ya kugeuza sauti kuwa maandishi, imetoka 2022, ni bure na ukishaipakua inafanya kazi bila bando. Kiswahili inajua, majina ya watu inaharibu. Rekodini kwa WAV, faili la sauti lisilobanwa.

DeepSea: WAV inajaza simu. Saa moja inapita MB 300, wakati m4a, sauti iliyobanwa, ya kbps 64 haifiki 30. Simu iwekwe juu ya kanga iliyokunjwa, feni izimwe.

UmmuSalma: Uzime feni Tanga, mwezi wa pili? Kikao kitavunjika.

MjukuuWaTongoni: Nimesita kuandika, ila stori ya dada imenigusa. Bibi yangu nilimrekodi dakika arobaini kabla hajafa, akieleza babu alivyovua, pepo za kusi na kaskazi, nani kazaliwa na nani. Nilitumia programu tatu. "Bamvua", yale maji makubwa ya bahari, ikaandikwa "bamba mvua". "Maji mafu", yale madogo, ikawa "maji ya mafua". Kimtang'ata chake, lahaja ya pwani yetu ya Tanga, hakuna iliyokishika, na kuna mahali anaimba, hapo zote ziliacha wazi. Sasa nasikiliza sentensi moja, nasimamisha, naandika kwa kalamu, narudisha nyuma. Kila siku baada ya alfajiri. Nimefika dakika ya kumi na moja, kuna neno moja nimelirudia wiki nzima silipati, na wazee wa kumuuliza pale nyumbani wamekwisha.

KatibuNgamiani: Mkuu, mama yangu ni wa Kigombe, huko huko kwa Kimtang'ata, yuko hai na masikio yake ni mazima. Nitumie kipande hicho. Nitamsikilizisha kesho asubuhi akishakunywa chai.