Fisi awe bosi wa genge: ataogopwa au atachekwa?

Msimulizi wa Sakina
Wakuu, habari za jioni. Nina meza ya mchezo wa kuigiza hapa Sakina, Arusha, kila Jumamosi mchana. Kwa asiyeujua: watu watano wanazunguka meza, kila mmoja ana mhusika wake kwenye karatasi, mimi nasimulia mji na kuwaigiza wengine wote waliobaki, na penye mashaka tunarusha dadu la pande 20: namba kubwa umefaulu, ndogo umekwama. Mkubwa wa michezo hii ni Dungeons & Dragons, uliotoka Marekani mwaka 1974. Mji wetu sisi ni wa wanyama, na wanaongea Kiswahili cha Chuga.

Juzi nikawaletea bosi wa magenge. Fisi jike, jina Mama Chokaa. Nilimwandaa wiki mbili: kovu la jicho, walinzi sita, kicheko cha kutisha. Ameingia, amecheka, na meza nzima ikacheka naye. Dogo mmoja akauliza, "Huyu si yule aliyepasuka msamba kwenye njia panda akifuata nyama mbili?" Basi. Bosi wangu kafa bila kuguswa na mtu.

Hoja yangu: Mswahili anaweza kumwogopa fisi kama mkuu wa uhalifu, au ngano za bibi zilishammaliza? Mimi bado nasema anaweza. Nawasilisha.

Mangi wa Soweto
Mkuu, unapigana na lugha na lugha itakushinda. Mkubwa wa uhalifu kwa Kiswahili ana mnyama wake tayari: papa. Kila siku tunalalamika kwamba wanakamatwa dagaa, mapapa wanaachwa. Hakuna aliyewahi kulalamika kwamba fisi wanaachwa. Fisi kwetu ni mlafi na mpenda wake za watu.

Ila najua hamna bahari huko, na sisi Moshi hatuna. Kwa hiyo chukua panya. Magendo ya mahindi na sukari upande wa Tarakea na Holili yanapita wapi? Njia za panya. Jina limeshajitengeneza lenyewe. Tena panya si mjinga: pale Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro, panya buku wanafundishwa kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwenye makohozi. Hebu fikiria bosi anayenusa hofu yako kabla hujagonga mlango, na hujui yuko nyuma ya ukuta upi.

Msimulizi wa Sakina
Mangi, hilo la kunusa nimeliiba tayari. Lakini panya anajificha. Mimi namtaka bosi anayekaa kiti cha mbele, mchana kweupe, na kila mtu anamsalimia kwanza.

Kiongozi wa Gari la Kijani
Kazi yangu ni kupeleka wageni Ngorongoro na Serengeti, kwa hiyo niseme machache. Mleta mada, fisi hana kosa. Kosa ni kile kicheko.

Fisi madoa hacheki kwa sababu ni mkubwa. Anacheka akifukuzwa, akinyang'anywa, akiwa chini ya mwenzake. Kicheko ni cha mnyonge. Ulipomfanya Mama Chokaa acheke, umemshusha cheo mwenyewe mbele ya wageni wake. Walinzi ndio wacheke. Yeye akae kimya. Na kadiri wanavyozidi kucheka, wachezaji wako wajue kuna mtu ndani ya chumba hiki anakaribia kuumizwa, bado tu haijulikani nani.

La pili, ukoo wa fisi unaongozwa na jike. Jike ni kubwa kuliko dume, na mtoto wake anarithi cheo cha mama: kitoto cha mkuu kinaweza kumtoa mtu mzima kwenye nyama. Dume akishakua anahama kwao, na kule anakohamia anaanzia mkiani hata awe na misuli kiasi gani. Umeshaona genge lilivyojipanga? Wale walinzi sita ni wageni wanaotafuta kukubalika, watafanya lolote. Kisha kuna binti wa miaka tisa ambaye jitu zima linampisha mlangoni. Mimi huyo binti angenitisha kuliko kovu la jicho.

La tatu, hii habari kwamba fisi anakula makombo ya simba ni uzushi. Mtafiti Hans Kruuk alikesha nao Ngorongoro miaka ya 1960, akakuta sehemu kubwa ya chakula chao wanakiwinda wenyewe, na kule kreta simba ndiye aliyekuwa akija mara kwa mara kuwapora. Simba wa mji wako awe mkuu wa polisi basi. Nimemaliza.

Mangi wa Soweto
Hapo kwenye mkuu wa polisi umeniua. Kesi ya nyani, hakimu ngedere.

Dada wa Kijenge
Samahani kaka zangu, nitawaharibia starehe. Hiyo meza ina watoto wa sekondari, namjua mmoja wao. Mnakaa wiki mbili mkimpamba mhalifu apendeze, halafu mnashangaa vijana wakitaka kuwa yeye? Wahalifu wa kweli hawana makovu. Yang Fenglan, yule aliyeitwa malkia wa meno ya tembo, aliyehukumiwa Kisutu miaka 15 mwaka 2019, alikuja nchini miaka ya 1970 kama mkalimani wa reli ya TAZARA, akaja kuwa na mgahawa Dar. Mkalimani na mama wa mgahawa! Nani angemwogopa?

Na jingine. Huku wafugaji wakiliwa mifugo, kuna wanaopaka mzoga sumu, fisi, tai na mbwa wa jirani wote wanakwenda. Kila hadithi ya fisi mbaya inaongeza kijiko.

Msimulizi wa Sakina
Dada, kwa heshima, umenipa bosi bora kuliko wa kwangu halafu ukasema nisimtumie.

Kuhusu watoto: hatari naiona kwa bosi wa bastola na miwani myeusi, maana huyo ndiye anayetamanika. Bosi anayekukopesha ada ya shule na huwezi kumkatalia, huyo kijana akimwona mezani atamtambua na mtaani. Nafikiri hivyo. La sumu sina jibu, na sitajifanya ninalo.

Dada wa Kijenge
Mtaani kwetu alikuwepo mmoja hivyo. Kila msiba yeye wa kwanza kufika. Turubai lake, viti vyake, sufuria zake, na bahasha nene kuliko za ndugu wote. Daftari la rambirambi jina lake juu kabisa. Arobaini haijaisha unaitwa kwenda kushukuru, na ukishakwenda kushukuru umekwisha. Sisemi zaidi.

Mzee wa Monduli
Vijana, nimesoma yote. Sisi Wamasai zamani hatukuchimba kaburi kwa kila mtu. Maiti ilipelekwa porini na fisi wakamaliza. Mnamcheka kwenye ngano kwa sababu mlikuwa mnamsikia usiku. Mtu hamcheki asiyemjua.

Kiongozi wa Gari la Kijani
Shikamoo mzee. Msimulizi, umeelewa ulichopewa? Fisi anafika msibani wa kwanza. Bahasha iwe nyeupe kama kinyesi chake, maana mifupa anayotafuna ndiyo inayokipa weupe ule. Jina la Chokaa umeliweka bila kujua maana yake!

Mangi wa Soweto
Nakubali nimeshindwa, ila weka panya mmoja anayeandika daftari.

Msimulizi wa Sakina
Mrejesho wa Jumamosi. Nimefuta kovu, nimefuta kicheko, nguvu zake za kupigana nimezipunguza hadi anaweza kuuawa na mlevi. Tumeanza na msiba: swala mzee, mwenye duka ambalo wachezaji hununua vitu tangu mwezi wa tatu. Turubai lipo, ubwabwa unaiva, panya anaandika majina. Mama Chokaa hayupo. Kiti chake kipo mstari wa mbele, kitupu, na watu wamesimama juani wala hakuna anayekikalia.

Akaja binti yake. Akatoa bahasha tano nyeupe, moja kwa kila mchezaji, akasema mama anawapa pole, anajua mlivyokuwa mkimpenda marehemu. Ndani ya kila bahasha kuna kiasi kilekile ambacho mhusika alikuwa akidaiwa dukani, hadi senti ya mwisho. Nyuma ya turubai walinzi wakaanza kucheka, taratibu.

Meza ikawa kimya. Yule dogo wa msamba akaniuliza kwa sauti ya chini kama anaweza kuirudisha bahasha bila mtu kumwona. Nikamwambia arushe dadu.

Likatoka 3.