Naomba ushauri: ukanda wa msumeno unaruka gurudumu

Habari zenu mafundi. Niko Umoja, Nairobi, nina karakana ndogo nyuma ya nyumba. Nimenunua msumeno wa ukanda (bandsaw, ule wa ukanda wa chuma wenye meno unaozunguka kwenye magurudumu mawili) uliotumika, magurudumu ya inchi 14, nakatia mbao za saiprasi na mvule kutoka Gikomba. Nikikata kwa mstari ulionyooka hauna neno. Shida ni kwenye kona: nikirudisha ubao nyuma, ukanda unavutwa mbele na mara nyingine unatoka kabisa kwenye gurudumu. Mlio wake unatisha.

Nimeweka ukanda mpya wa upana wa nusu inchi, nikaukaza, nikazungusha gurudumu la juu kwa mkono (plagi nilichomoa, msiwe na wasiwasi), ukakaa katikati vizuri. Kile kishikio cha juu kinachoongoza ukanda nakishusha hadi kama milimita 6 juu ya ubao. Glovu sivai, na nasukuma kwa kijiti. Fundi mmoja wa mtaani anasema nizidi kukaza tu. Mimi naona utakatika.

Je, mpira unaozunguka ukingo wa gurudumu ukiwa umelika unaweza kuleta hili, na kwa hapa Nairobi unabandikwa upya wapi? Pili, kwa kona kali nitumie ukanda wa upana gani?