Winga wangu ameshushwa laini ya nne, na ofisi inanirudishia fomu

Mama Rehema, Edmonton

Hamjambo nyote. Nimetoka ofisi ya chama cha hoki ya barafu cha mtaani kwetu, mara ya tatu wiki hii. Mdogo wake Rehema yuko U13, wale wa chini ya miaka 13, winga wa kulia. Tangu majaribio ya Septemba alikuwa laini ya pili (laini ni vikundi vya washambuliaji vinavyopokezana barafuni, bora ndiyo ya kwanza), na kwenye PP, wapinzani wakiwa pungufu kwa adhabu, anaingia. Baada ya Krismasi kocha kamshusha laini ya nne, hakusema neno. Jumamosi nilihesabu: watoto wa laini ya kwanza waliingia barafuni mara 19, wangu mara 8, na kipindi cha tatu karibu chote alikuwa benchi, kofia kichwani, anatazama miguu yake.

Ofisini wakanipa fomu ya malalamiko. Nikajaza. Ikarudishwa, eti RIS yangu, yale mafunzo ya wazazi ya Respect in Sport, haionekani HCR, mfumo wa usajili wa Hockey Canada. Cheti ninacho, nakala niliwapelekea. Leo wanasema barua pepe iliyosajiliwa ni ya baba yake, basi malalamiko yatoke kwake. Baba yake yuko kambini kazini Fort McMurray siku 14, hata mtandao wa shida.

Swali langu ni moja: kwa U13 kuna kanuni ya kugawana muda wa barafuni sawasawa, au kocha anaamua atakavyo?

Baba Faraji, Calgary

Pole sana dada. Hizo ofisi ndivyo zilivyo. Sisi mwaka wa kwanza tulikataliwa usajili kwa sababu bili ya stima ilikuwa na jina la mwenye nyumba. Nikaleta mkataba wa nyumba, wakataka barua ya benki. Nikaleta ya benki, ikawa imepita siku 30. Mtoto akakosa majaribio, akawekwa timu ya chini kabisa, na alikuwa akiwapita mbio wote. Usikubali. Andika tena na tena.

Na ada yote ile usisahau kuidai CRA, watu wa kodi, mwezi wa nne, ile nafuu ya michezo ya watoto. Itakupunguzia machungu.

Mzee wa Mississauga

Baba Faraji, tafadhali usiwapotoshe watu kwenye mambo ya kodi. Nafuu hiyo ya serikali kuu haipo tena. Ilianza 2007 wakati wa Waziri Mkuu Harper, ikakatwa nusu 2016, ikafutwa kabisa 2017. Mwenye shida ya ada aombe mifuko ya misaada ya KidSport au Jumpstart, tena aombe mapema.

Baba Faraji, Calgary

Ahsante Mzee kwa marekebisho, ingawa ungeweza kuyasema kwa upole. Lakini ndiyo hayo ninayolalamikia kila siku. Wanatuambia waleteni watoto kwenye mchezo wa taifa, halafu kila kilichomsaidia mfanyakazi kinaondolewa. Skati peke yake ni pesa ya chakula cha wiki mbili.

Baba Amani, Ottawa

Mama Rehema, nakuomba usinikasirikie. Mimi natoka Bukavu, hoki niliikuta huku, na sasa ni mwaka wa nne namsaidia kocha kwenye timu ya kijana wangu. Kabla ya fomu, mtazame mtoto akiwa upande wenu wa ulinzi, si akishambulia. Sisi wazazi tunahesabu magoli. Kocha anatazama winga amesimama wapi paki, kile kisahani cheusi tunachokipiga, ikiwa kwa kipa wetu.

Kazi yake pale ni mbili. Ya kwanza, kumkaba beki wa wapinzani aliyekaa juu kwenye mstari wa buluu, mpaka wa eneo letu. Winga akiiona paki kona akaikimbilia, yule beki anabaki peke yake, anapewa, anapiga. Ya pili, beki wetu akiipata paki, winga awe ameshafika ubaoni, kwenye ukuta unaozunguka uwanja, kuipokea. Wengi wanaondoka mapema, wanakimbilia mbele kutafuta goli. Paki inapita nyuma ya visigino vyao, wapinzani wanaichukua, mnafungwa. Kijana wangu alishushwa kwa hilo hilo. Nililia ndani ya gari, nakwambia kweli. Wiki 5 baadaye alirudi laini ya pili, na hakuna fomu niliyoandika.

Gongo analishika mkono gani? Kama anapiga kwa kushoto na anacheza winga ya kulia, pasi ya ubaoni inamfikia upande wa nyuma wa gongo. Kwa mtoto wa miaka 12 ni kazi ngumu.

Mama Zuhura, Winnipeg

Hapo Baba Amani umesema kweli tupu. Mkumbukeni Willie O'Ree, mtu mweusi wa kwanza kucheza NHL, ligi kuu ya hoki, kwa Boston Bruins, Januari 18, 1958. Jicho la kulia lilikuwa halioni, na alikuwa winga wa kushoto, kila pasi ikibidi ageuze kichwa kizima. Alipokwenda Los Angeles, kwenye ligi ya chini, kocha akamhamishia winga ya kulia, akaanza kufunga magoli kwa wingi. Kipaji kilikuwepo siku zote, mahali ndipo hapakumfaa.

Ila na mimi sikubali mtoto akalishwe benchi kipindi kizima bila kuambiwa kosa lake. Dada, ulizungumza na meneja wa timu kwanza? Kanuni ya saa 24, ya kungoja siku nzima baada ya mechi kabla ya kulalamika, uliifuata?

Mama Rehema, Edmonton

Nilingoja siku mbili, si saa 24. Meneja alisema niende ofisini, ofisi ikasema nirudi kwa meneja.

Baba Amani, sijakukasirikia. Anapiga kwa kushoto, ndiyo. Lakini hakuna aliyemwambia hata nusu ya hayo uliyoandika. Jana usiku ameniuliza, mama, nimewakosea nini?

Mzee wa Mississauga

Swali hilo limeniuma. Mwambie Jarome Iginla, yule nyota wa NHL, ni mtoto wa Edmonton hapo hapo, baba yake kutoka Nigeria, naye alikuwa winga wa kulia. Goli lililoipa Kanada dhahabu ya Olimpiki ya Vancouver 2010 watu wanamtaja Crosby aliyelifunga, lakini pasi ilitoka kwa Iginla, ubaoni, amekabwa mpaka anaanguka.

Mimi magongo, hoki ya uwanjani, niliyaona City Park, Nairobi, kijana, vumbi mpaka kwenye meno. Kenya ilikuwa ya 4 Kombe la Dunia, Barcelona 1971. Tunatoka mchezoni tunakula mahindi ya kuchoma. Hapa natoka uwanjani vidole vimekufa ganzi, kila mtu anakimbilia gari lake.

Baba Faraji, Calgary

Mzee, hayo ni magongo ya uwanjani, mchezo mwingine kabisa. Kama ni barafu, taja Ice Lions, timu ya hoki ya barafu ya Kenya, wa pale Panari, Mombasa Road, Nairobi.

Mzee wa Mississauga

Najua tofauti yake. Nilikuwa nakumbuka nyumbani.

Mama Rehema, Edmonton

Nawashukuru wote. Baba yake anashuka Alhamisi, tutaijaza upya fomu kwa jina lake. Jumamosi mechi ni saa 12 na dakika 40 asubuhi. Nimemsomea mtoto habari ya kusimama ubaoni, akaniomba nimchoree kwenye karatasi. Baba Amani, tafadhali nitumie mchoro, beki akiwa na paki nyuma ya goli winga wa kulia asimame wapi hasa. Na kama kuna anayejua kanuni ya U13, bado naulizia.