Naomba ushauri: takwimu za maji na ramani mbili za mabonde zisizolingana

Habari zenu wakuu. Nina takwimu za matumizi ya maji za miaka mingi, zilizojumlishwa kwa mabonde madogo (maeneo ambayo maji yake hutiririkia mto mmoja) ya ramani ya zamani iliyofuata mistari ya kontua, yaani inayounganisha sehemu zenye mwinuko sawa. Ramani mpya imetokana na vipimo vya mwinuko vya setilaiti, na kwenye tambarare mipaka imehama sana. Nataka kuzihamishia takwimu hizo kwenye mabonde ya ramani mpya, lakini nikigawa jumla za zamani kwa uwiano wa eneo, nitakuwa nimechukulia kwamba maji hutumika sawasawa kila mahali, na si kweli: skimu moja ya umwagiliaji hutumia kuliko nyika yote inayoizunguka. Visima vyenye koordineti (namba zinazoonyesha mahali vilipo) nimeshavipanga kwenye ramani mpya. Kinachonitesa ni jumla zisizo na koordineti. Nigawe kwa ramani ya mashamba na makazi, au nirudi kwenye vibali vya kutumia maji, kimoja kimoja? Aliyewahi kulifanya hili anielekeze tafadhali, maana mgao wa maji ya watu utategemea namba hizi.