Mliounda lugha zenu za kubuni za Kigermaniki (jamii ya Kiingereza na Kijerumani), konsonanti ziliwatesa wapi? Tupeane uzoefu

Mpenda Sauti: Kuna mtu kauliza kwa nini Mwingereza ana water na Mjerumani Wasser, nikakumbuka lugha yangu ilivyonikesha. Wenzangu je?

Binti Pangani: Kanuni ya Verner, ile ya shadda (mkazo wa neno) kuamua th iwe d. Basi.

Kipasuo: Mpangilio wa kanuni! Faili langu la kanuni za sauti, ambazo kompyuta huzitumia moja baada ya nyingine kwa kila neno, lilianza na p kuwa f, t kuwa th, k kuwa h; ndipo b ikawa p, d ikawa t, g ikawa k. Mdogo wangu akaazima kompyuta, akaona safu zimekaa ovyo, akazipanga kialfabeti. b ikatangulia p. Kila b ikageuka p, na hapohapo ikasombwa hadi f. Sikujua. Nikaendelea kutunga miezi na miezi, mpaka nilipofika kwenye wimbo wa watoto wa kuhesabu: kumi, decem ya Kilatini na taihun ya Kigothi (Kigermaniki cha kale), d yake imepita t hadi th, inaanza sawa na namba tatu! Nilihisi baridi. Maneno yamegongana kila ukurasa, na hadithi za bibi nilizotafsiri zote zimo humo.

Naam Tu: Pole sana, hii inauma.

Mzee Ghuna: Iache hivyo. Wajerumani nao walisogeza sauti upya, ten ya Kiingereza kwao ni zehn, pound ni Pfund.

Binti Pangani: Walisogeza baadaye, p na b zikiwa zimeshaachana. Yeye zimemeng'enyeka pamoja.

Mzee Ghuna: Lugha ni yake!

Binti Pangani: Akiiita ya Kigermaniki ina masharti. Kigothi kina broþar (þ ni th) lakini fadar yenye d, kwa kuwa shadda ya kale ilikaa mwanzo kwa kaka, mwisho kwa baba. Mwanaisimu Jacob Grimm alieleza mageuzi haya ya p kuwa f na wenzake 1822, fadar ikabaki kitendawili hadi Karl Verner miaka ya 1870. Huwezi kuruka hilo.

Wa Murang'a: Mimi niliongeza kanuni ya Dahl, k kuwa g silabi inayofuata ikianza na k au t. Kikombe kwetu Wakikuyu ni gĩkombe, kiti ni gĩtĩ. Inapendeza mno.

Mzee Ghuna: Hiyo ya Wabantu unaipeleka kwa Wagothi?

Wa Murang'a: Naipeleka.

Mpenda Sauti: Kipasuo, kila kanuni ipe namba.

Naam Tu: Andika kwenye daftari. Daftari halipangiki kialfabeti.

Chelewa: Mimi nimekwama kwa nazali, sauti za puani kama n. Gans ya Kijerumani, goose ya Kiingereza, n imemezwa mbele ya s. Niimeze kabla shadda haijahamia mwanzo?

Binti Pangani: Baada. Shadda ilihama zamani.