Drili ya nyundo haipigi tena, inatoa cheche, na leo imenipiga stima. Nianzie wapi?

FundiBomba_Amu
Assalaam aleykum ndugu zangu. Mimi ni fundi bomba hapa Lamu, upande wa Langoni. Nina drili ya nyundo, ile ya waya, wati 800. Niliachiwa na mjomba wangu alipopumzika kazi, na ndiyo inayonilisha.

Wiki hii imenigeuka. Kwanza, inazunguka vizuri lakini nyundo imefifia. Zamani tundu la milimita 12 kwenye zege nilikuwa namaliza kabla mkono haujachoka. Jana nimeisukuma kwa kifua mpaka ncha ya biti ikawa buluu, na tundu halijafika nusu. Pili, nikichungulia kwenye matundu ya kupumulia naona cheche, na kuna harufu ya kuungua. La tatu ndilo limenifanya niandike. Asubuhi nilikuwa natoboa juu ya birika, lile tangi la maji la kujengea, katika nyumba ya kale kule Mkomani, sakafu ina maji, nimevaa malapa. Nikahisi mtetemo usio wa mashine, ukapanda mpaka kwenye kiwiko. Nikaiachia.

Waya umechubuka pale unapoingia kwenye mpini, niliufunga kwa utepe mweusi. Mpini wa kando ulipotea zamani. Na juzi biti ilikwama kwenye chuma ndani ya zege, mashine ikazunguka yenyewe ikamtegua kifundo cha mkono mdogo wangu anayenisaidia. Amefungwa bandeji, yuko nyumbani. Hilo linaniuma kuliko yote.

Je, inatengenezeka? Na ikitengenezeka, niishike vipi isitudhuru tena?

Stima_Safi
Wa aleykum salaam. Usiichomeke tena, hata mara moja ya kujaribu. Nakuomba kama ndugu yako. Stima yetu ni volti 240, na wewe ulikuwa umesimama kwenye maji. Kilichokuokoa ni kwamba uliweza kuiachia. Mara nyingine misuli hukaza yenyewe, kiganja kikafumba juu ya mpini, mtu akataka kuachia asiweze.

Itazame pale penye kibati cha maelezo. Ukiona mraba mdogo ndani ya mraba mkubwa, basi mashine ina kinga mbili za ndani na waya wake hauna uzi wa ardhi. Fundi wengi hudhani ardhi itawaokoa, kumbe kwenye mashine hizi haipo kabisa. Kinga ikichubuka, au unyevu wa chumvi ukiingia, wewe ndiye unayekuwa njia ya stima kwenda chini.

Utepe mweusi uutoe. Waya ubadilishwe mzima, kuanzia plagi mpaka ndani ya mpini, pamoja na ile raba ndefu inayouzuia usijikunje pale unapoingilia.

Halafu niambie, unatumia ekstensheni gani?

Mwashi_wa_Shela
Kijana wangu, pole, na mpe pole ndugu yako. Mambo ya stima nawaachia wenyewe. Mimi nitasema juu ya ukuta, maana naona hakuna aliyeuuliza.

Nyumba za Mkomani si za zege. Ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, unene wa ukuta unafika nusu mita, na dari ni boriti za mikoko zilizobeba mawe. Chokaa ile ni laini. Ukiipiga kwa nyundo ya mashine, tundu la milimita 12 linakuwa pango, na jiwe linalegea nyuma ya plasta pasipoonekana. Baada ya miezi plasta inavimba, inaanguka, na mwenye nyumba hajui aliyeianzisha. Nimeitwa kurekebisha kuta za namna hiyo mara nyingi kuliko ninavyopenda kukumbuka.

Kwenye nyumba ya kale zima nyundo. Geuza swichi kwenye alama ya biti peke yake, uzungushe taratibu, utoe biti mara kwa mara ili unga umwagike. Penye zidaka, vile vishubaka vya ukutani, usiguse kabisa, wala penye nakshi ya plasta. Na kabla ya kupitisha bomba jipya waulize watu wa Makumbusho. Kuta hizi ndizo zilizoufanya mji wa kale wa Lamu uingizwe na UNESCO katika urithi wa dunia mwaka 2001. Tundu likikuharibikia, lizibe kwa chokaa. Simiti ni ngumu mno kwa ukuta ule, hufungia unyevu ndani na jiwe likaoza polepole.

Nikiwa mdogo nilikuwa nakaa kuwatazama maseremala wa majahazi na keekee ya uta, ile drili ya mkono inayozungushwa kwa kamba ya uta. Mkono mmoja unavuta uta, kiganja cha pili kimetulia juu, kinatoa uzito tu. Sikuona hata mmoja akiisukuma kwa kifua.

FundiBomba_Amu
Mzee wangu, shukran sana. Kusema kweli nimetoboa kuta za Mkomani kwa nyundo miaka yote hii. Hakuna aliyeniambia.

@Stima_Safi, naazima ekstensheni ya gurudumu, mita 30. Nafungua ninazozihitaji tu, nyingine zinabaki zimezungushwa. Sasa ulivyouliza nakumbuka, jioni huwa ina joto nikiishika.

Stima_Safi
Nilihofia hilo. Waya uliozungushwa hauna pa kutolea joto, plastiki inalainika na nyaya zinagusana. Fungua yote mita 30, hata kama kazi iko mita 5 tu. Na utazame unene uliochapishwa kwenye ganda. Milimita mraba 1.5 inafaa mpaka kama mita 25, ukizidi hapo tafuta ya 2.5. Waya mwembamba mrefu unakula volti njiani, mota inapata stima ikiwa na njaa, inakosa nguvu na kupata moto.

Kiungio cha ekstensheni kisilale sakafuni, kitundike. Waya wa mashine upitishe nyuma ya bega. Na kabla hujanunua biti mpya hata moja, nunua kile kifaa kinachokata stima ikivuja, cha miliampia 30. Kuna vya kuchomeka kwenye soketi. Kina kitufe cha kujaribia, kibonyeze kila asubuhi. Fyuzi ya plagi ikikatika, weka fyuzi. Nimeshakuta msumari humo ndani.

Gereji_ya_Malindi
Hiyo inatengenezeka, usiitupe.

Nyundo ya mashine hizi inapigwa na hewa. Mota inaendesha pistoni ndani ya silinda, pistoni inabana hewa, na hewa ndiyo inayorusha kipande cha chuma kikagonge mkia wa biti. Humo kuna raba za mviringo za kuzuia hewa isipite. Raba ikilika au grisi ikikauka, hewa inavuja, nyundo inafifia, na mzunguko unaendelea kama kawaida. Ndivyo ulivyoeleza. Kusukuma hakuongezi kitu, kunaunguza biti na mota tu. Isukume kiasi cha biti kutoruka ukutani, basi.

Cheche ni kaboni, vile vipande viwili vinavyogusa mota na kuipa stima. Cheche ndogo za buluu chini ya kaboni ni kawaida ya mota hizi. Zikiwa kubwa, zikizunguka ile duara ya shaba yote, na harufu juu yake, kaboni zimekwisha. Badilisha zote mbili kwa pamoja. Linganisha na mpya: ikibaki theluthi, muda wake umefika. Hakikisha zinateleza kwenye nyumba zake bila kukwama.

Grisi iwe ile ya nyundo ya mashine, kiasi kilichoandikwa kwenye kitabu chake. Ya magurudumu ya gari usitie, na usiijaze mpaka juu. Mkia wa biti uufute kila unapoichomeka, kisha upake kiasi cha punje ya mtama. Vumbi linaloingia pale mdomoni ndilo linaloua hizo raba.

Biti ikikwama, achia swichi kwanza. Chomoa plagi, toa mashine, biti uizungushe kwa spana. Ikigonga chuma cha ndani, hamisha tundu. Na bila mpini wa kando usiiwashe, sijali kazi ni ndogo kiasi gani. Kile kitufe cha kufunga swichi ibaki imewaka, kisahau.

Binti_Kizingitini
Mmesema yote ya mashine, hamjasema pumzi. Baba yangu alitoboa na kukata zege miaka mingi amejifunga leso mdomoni. Leo akipanda ngazi za nyumba yetu anakaa katikati apumzike. Mchanga na simiti zina madini ya silika, na vumbi lake laini likiingia mapafuni linaacha makovu yasiyopona. Leso haizuii. Vaa barakoa ya N95 ikubane puani. Ukitoboa juu ya kichwa vaa miwani, na chokaa ikiingia jichoni osha kwa maji mengi papo hapo, kisha uende hospitali. Masikio pia yazibwe, mashine hizi hupita desibeli 90. Na watoto wa nyumba watoke chumbani. Tafadhali.

FundiBomba_Amu
Dada, Mungu amjaalie afya mzee. Barakoa nimenunua boksi zima, la wawili.

Jana usiku nimeifungua mpini, plagi nimeiweka mfukoni mwangu. Chini ya utepe nyuzi za shaba zimekuwa kijani, nne zimekatika na moja imetoboa ganda mpaka nje, pale pale kidole changu kinapokaa. Nimekaa nikiitazama muda mrefu. Kaboni moja imebaki kama ukucha. Grisi ya mbele imeganda kama halwa ya mwaka jana. Chumvi imetanda kwenye matundu ya kupumulia, maana nilikuwa naiacha kwenye mfuko wa nailoni karibu na gati.

@Gereji_ya_Malindi, kesho naivusha kwa boti mpaka Mokowe, bara, na kuituma kwa basi. Waya, kaboni, raba, grisi, vyote vipya.

Gereji_ya_Malindi
Nitaipokea. Ikirudi, kila jioni ipige brashi kavu kwenye matundu, ifute kwa kitambaa kikavu, iweke kwenye sanduku lake ndani ya nyumba. Nailoni inafungia unyevu.

Mwashi_wa_Shela
Tundu zilizobaki Mkomani ni ngapi?

FundiBomba_Amu
Mbili, mzee wangu. Mwenye nyumba amekubali kungoja.

Mwashi_wa_Shela
Asingoje. Njoo baada ya Alasiri uchukue tindo yangu, nikuonyeshe jiwe linavyosikika likiwa zima na likiwa limelegea.

FundiBomba_Amu
Nakuja inshallah. Na mdogo wangu nitakuja naye atazame. Bandeji inatolewa Alhamisi. Mpini wa kando nimeshampatia, unafungika pande zote mbili, naye hushikia kushoto.