MREJESHO: Nimerudi Mwanza, Dar imenishinda

Wakuu, salaam. Ni mimi niliyeuliza kama nivumilie Mbagala au nirudi nyumbani, baada ya kodi ya nyumba kumaliza mtaji wangu wa kuuza dagaa. Nimerudi, wiki ya tatu sasa.

Aliyesema "mpigie mama kwanza, usimtokee ghafla", Mungu akubariki. Nilijiandaa kusemwa. Akauliza tu: "Sato nimkaange au nimchemshe?" Nililia kidogo, sitaficha.

Ushauri wa kuuza vitu badala ya kusafirisha niliufuata nusu. Friji na kitanda niliuza, kwa hasara. Godoro nikabeba kwa ubishi wangu, na pale stendi ya Nyegezi lilishuka kwenye basi limelowa, linanuka mafuta ya taa. Mlinionya.

Kilichogoma ni kizimba changu cha kuuzia pale soko la samaki la Mwaloni, Kirumba. Kina mtu na hatoki. Kwa hiyo nachukua dagaa kwa mali kauli, yaani nalipa nikishauza, nauza Igoma kwa sado, yale makopo ya kupimia. Deni la mwenye nyumba limebaki la mwezi mmoja. Tumeandikishana kama mlivyoelekeza, nalipa kidogokidogo.

Asanteni sana. Jana debe zima liliisha kabla ya adhuhuri.